Askari, Shifta na Mshale Mmoja wa Etimolojia

1. Utangulizi

Umezoeleka mno katika uhakiki wa Kiswahili mtindo wa kutaja asili ya neno kana kwamba ni kutaja maana yake. Mhakiki akikutana na neno la mkopo katika utungo, hufungua kamusi, husoma kifupisho cha lugha kilichowekwa kando ya kidahizo, huandika kwamba neno hilo "linatokana na Kiarabu", kisha huendelea na shughuli zake. Mshale huchorwa kutoka lugha moja hadi nyingine, mmoja tu tena ulionyooka, na suala likahesabiwa kuwa limefungwa. Makala haya yanadai kwamba mazoea hayo ni uvivu wa kitaaluma, na kwamba kwa baadhi ya maneno uvivu huo una madhara.

Maneno mawili yanatosha kulithibitisha dai hilo, nayo ni askari na shifta. Yote mawili ni maneno ya mkopo katika Kiswahili. Yote mawili yaliingia pia katika Kiitaliano cha enzi ya ukoloni, ambamo yaliandikwa ascari na scifta. Aidha, yote mawili yamekaa katika kumbukumbu ya watu wa Garissa, Wajir na Mandera kwa uzito ambao kifupisho cha kamusi hakiwezi kuubeba. Kwa mujibu wa mshale mmoja, askari ni neno la Kiarabu lililopokelewa na Kiswahili na kuenezwa na dola, ilhali shifta ni neno la Kisomali. Kwa hivyo mlinzi wa amani hupewa nasaba ya pwani na ya serikali, na mvunja amani hupewa nasaba ya Wasomali. Mgawanyo huo ni wa uongo. La kusikitisha ni kwamba huendelea kuandikwa na watu ambao kazi yao ni kuyapima maneno.

2. Kasoro za mshale mmoja

Kabla ya kuyafikia maneno hayo mawili, yafaa kutazama neno ambalo halimkeri mtu yeyote. Neno balozi limeingia Kiswahili kupitia Kituruki, ambacho nacho kililipata kwa watu wa Venice. Jamhuri ya Venice ilikuwa na mwakilishi wake katika mji mkuu wa milki ya Uturuki, na cheo chake kiliitwa bailo. Neno hilo la Kiitaliano linarudi katika Kilatini, baiulus, yaani mchukuzi wa mizigo. Hivyo basi, anayefuata mshale hadi mwisho atagundua kwamba balozi ni hamali. Hakuna mhakiki mwenye akili timamu anayesoma riwaya yenye balozi ndani yake na kudai kwamba mwandishi amemdhihaki mhusika kwa kumwita mpagazi. Kila mtu hukubali, bila kuambiwa, kwamba safari ya neno ni jambo moja na matumizi yake ni jambo jingine.

Mfano huu unafundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba neno huweza kupita lugha tatu au nne kabla ya kufika, na kila kituo huliongezea au kulipunguzia kitu. La pili ni kwamba lugha iliyotajwa kwenye kamusi aghalabu ni kituo kimoja tu katika safari hiyo. Anayekiita kituo hicho "asili" amechagua mahali pa kusimama, na uchaguzi huo unahitaji kutetewa. Kwa neno balozi uchaguzi haumdhuru mtu. Kwa neno shifta umewadhuru watu wengi.

3. Askari: neno moja, njia tatu

Asili ya mbali ya neno askari yenyewe ina utata. Wataalamu wengi hulirudisha neno la Kiarabu ʿaskar, jeshi, kwenye lashkar ya Kiajemi. Kwa maoni hayo, Waarabu waliisikia la ya mwanzo kama sehemu ya kibainishi chao al, wakaiondoa. Maelezo hayo ni mazuri, lakini hayaielezi herufi ayn inayolianza neno la Kiarabu, wala badiliko la sh kuwa s. Wapo waliolihusisha na exercitus ya Kilatini, neno la jeshi la Warumi, ambalo lingeweza kufika Mashariki pamoja na majeshi hayo. Ikiwa dhana hii ya pili ni sahihi, basi neno la Kiitaliano esercito, jeshi, na neno ascari ni ndugu wa tumbo moja waliopoteana kwa muda wa karne nyingi na kukutana tena Afrika, mmoja akiwa bwana na mwingine akiwa mtumishi. Etimolojia ambayo haijaamuliwa haipaswi kuandikwa kama iliyoamuliwa.

Hata ukiachwa utata huo wa mbali, utata wa karibu ni mkubwa zaidi na una maslahi zaidi kwa mwanafasihi. Waitaliano waliliokota wapi neno hili? Jibu la kawaida ni Kiarabu, na jibu hilo halina kosa ila kwa upungufu wake. Italia iliutwaa mji wa Massawa katika Bahari ya Shamu mwezi wa Februari 1885. Mji huo ulikuwa umetawaliwa na Waturuki na baadaye Wamisri, na askari wa kukodiwa waliokuwa wakimtumikia mtawala wa Misri waliingia katika utumishi wa Waitaliano. Katika kambi za namna hiyo Kiarabu na Kituruki vilikuwa vimechanganyika kwa muda mrefu, na Kituruki kina asker yake. Hiyo ndiyo njia ya kwanza.

Njia ya pili inapita Benadir. Miji ya Mogadishu, Merka na Barawa ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, ambaye aliweka humo walinzi wake. Mwaka 1892 Italia ilifikia mapatano ya kuikodi pwani hiyo, na mwaka 1905 ikainunua. Waliokuta huko hawakukuta pwani isiyo na lugha. Barawa ina Chimwiini, lahaja ya Kiswahili iliyo kaskazini kuliko zote, na visiwa vilivyo kusini mwa Kismayo vina Kibajuni. Mlinzi wa Sultani alikuwa askari katika vinywa vya wenyeji hao kabla hajawa ascari katika daftari la Mwitaliano. Kwa hivyo mtu akisema kwamba ascari ya Benadir ilitoka Massawa peke yake, anadai kwamba Waitaliano waliziba masikio kwa miaka mingi walipoishi miongoni mwa Waswahili.

Njia ya tatu ni ya Waingereza. Kikosi cha King's African Rifles kiliundwa mwaka 1902, na lugha ya amri na ya mazungumzo katika kambi zake nyingi ilikuwa Kiswahili. Jubaland ilikuwa chini ya Uingereza hadi ilipokabidhiwa Italia mwaka 1925, na mpaka ukahamishwa kutoka mto Juba kuja magharibi. Wakazi wa Kismayo na Afmadow walilala wakiwa na askari wa Mwingereza wakaamka wakiwa na ascari wa Mwitaliano. Jamaa zao waliobaki upande wa Garissa na Wajir waliendelea na yule wa kwanza. Neno lilikuwa moja katika pande zote mbili, na mwenye bunduki ndiye aliyebadilika.

Sarufi inatoa ushahidi ambao historia ya mikataba haiwezi kuutoa. Katika Kiarabu, ʿaskar ni jeshi kwa jumla, na ʿaskarī ni mtu mmoja wa jeshi hilo. Kisomali kimeuhifadhi uhusiano huo, kwani askari ni mmoja na askar ni wengi. Kiswahili hakikufanya hivyo. Kimeliingiza neno katika kundi la nomino zisizobadilika, askari mmoja na askari mia, huku upatanisho ukifuata ngeli ya viumbe. Kiitaliano nacho kilifanya jambo la ajabu. Kwa kuwa nomino nyingi za Kiitaliano humalizikia kwa i katika wingi, masikio ya Waitaliano yaliisikia ascari kuwa ni wingi, na wengi wao wakaunda umoja mpya, ascaro. Umoja huo haupo katika Kiarabu, Kisomali wala Kiswahili. Lugha ya mtawala ilimpokea kwanza kundi zima, ndipo ikamtafutia mtu mmoja jina. Baadaye, katika lugha ya siasa ya Italia, neno hilo likaja kutumika kwa wabunge wasio na sauti ambao hupiga kura kwa kufuata mkumbo. Mwanafasihi anayetafuta itikadi ndani ya lugha hana haja ya kwenda mbali zaidi ya hapo.

Mwaka 1940 neno hili lilikabiliana na nafsi yake. Mwezi wa Julai mwaka huo majeshi ya Italia yaliiteka Moyale. Mapema mwaka 1941 majeshi ya Uingereza, yakiwemo ya Afrika Mashariki, Gold Coast, Nigeria na Afrika Kusini, yalisonga mbele kutoka ukingo wa mto Tana, Garissa ikiwa mojawapo ya vituo vyao vikuu, yakaingia Kismayo tarehe 14 Februari na Mogadishu tarehe 25 Februari. Upande mmoja ulikuwa na askari, na upande wa pili ulikuwa na ascari pamoja na dubat, walinzi wa mpaka waliopewa jina kutokana na Kisomali duub cad, kilemba cheupe. Waafrika waliuana chini ya jina moja, kwa amri za lugha mbili za Ulaya. Mshale mmoja kutoka Kiarabu hauonyeshi chochote katika haya.

4. Shifta: neno lisilo la wale wanaoitwa hivyo

Madai kwamba shifta ni neno la Kisomali lenye maana ya jambazi yamerudiwa katika maandishi mengi yanayohusu vita vya 1963 hadi 1967, hata yakachukuliwa kuwa ni elimu. Ukweli ni kwamba neno hili ni la nyanda za juu za Ethiopia na Eritrea. Katika Kiamhari lina kitenzi chake, šäffätä, kuasi au kutoka katika utii, na nomino yake, šəfta, imejengwa juu ya mzizi huo kwa kanuni za kawaida za lugha hiyo. Kisomali kimelikopa, kama Kiswahili kilivyolikopa. Jambazi wa Kisomali asilia ana jina lake, burcad, na mharamia wa baharini huitwa burcad badeed. Lugha yenye neno lake la kale kwa kitu fulani haifanywi kuwa mzazi wa neno la jirani kwa sababu tu wasemaji wake wameitwa kwa neno hilo. Aidha, kufanana kwa sauti baina ya neno hili na kitenzi cha Kiingereza cha kuhama humvuta mwanafunzi kulihusisha na maisha ya wafugaji wanaohamahama. Kivutio hicho nacho ni cha kukataliwa, kwani neno lilikuwa na umri mkubwa katika nyanda za juu kabla Mwingereza hajafika huko.

Katika nyumbani kwake, šəfta hana maana moja. Ni mnyang'anyi wa njiani, lakini pia ni mtu mwenye heshima aliyekataa kumtii mtawala dhalimu akaenda porini hadi haki yake ipatikane. Kassa Hailu alianza maisha yake ya kisiasa akiwa šəfta katika eneo la Qwara, na mwaka 1855 akatawazwa kuwa Mfalme Tewodros wa Pili. Neno linaloweza kumbeba mtu kutoka porini hadi kiti cha enzi haliwezi kufasiriwa kwa "jambazi" pekee.

Nusu ya heshima ilianguka njiani, na mahali ilipoanguka panaweza kuonyeshwa. Waitaliano waliliandika scifta na kulitumia kwa Waethiopia waliopinga au kuvuruga utawala wao. Baada ya 1941 Waingereza walishika utawala wa kijeshi wa Eritrea hadi 1952, na katika maandishi yao shifta akawa tatizo la polisi. Dola inapokopa neno la maasi kutoka kwa wale inaowatawala, huchukua kosa na kuacha sababu ya kosa. Neno lililofika Kenya, ama kwa njia ya mpaka wa Moyale, ama kwa njia ya maofisa na mafaili yao, ama kwa zote mbili, lilikuwa limekwisha kukatwa nusu.

Ndipo lilipopata kazi yake kubwa. Mwaka 1962 tume ya Uingereza ilikusanya maoni katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ikakuta kwamba Wasomali wengi wa huko walitaka kuungana na Somalia. Hayo yalikuwa madai ya kisiasa, mazuri au mabaya, yenye vyama na wasemaji. Mwezi wa Desemba 1963 hali ya hatari ilitangazwa, na kuanzia hapo mwenye madai hayo akawa shifta. Mtu anaweza kuamini kwamba madai ya kujitenga yalikuwa na makosa, akakumbuka pia kwamba watu wasio na hatia waliuawa na waasi, wakiwemo Wabajuni wa bara ya Lamu waliovihama vijiji na mashamba yao kwa hofu, na bado akaona kilichofanyika katika lugha. Swali la mpaka liligeuzwa kuwa swali la unyang'anyi. Mapatano ya Arusha ya 1967 yalisitisha vita, lakini hayakulisitisha neno. Sheria za hali ya hatari zilibaki katika eneo hilo hadi 1991, na ndani ya kipindi hicho yalitokea mauaji ya Bulla Kartasi mjini Garissa (1980) na ya Wagalla huko Wajir (1984), ambayo yaliingia katika ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013. Katika matukio hayo aliyekuwa na sare aliitwa askari. Aliyekuwa mbele yake, awe mchungaji, mwalimu au mchuuzi, angeweza kuitwa shifta.

5. Pingamizi

Huenda ikasemwa kwamba maana ya neno huamuliwa na matumizi, hivyo asili yake haina umuhimu wowote. Nusu ya kwanza ya hoja hii ni kweli, nayo ndiyo msingi wa makala haya. Nusu ya pili haifuati. Wale wanaoandika kwamba shifta ni neno la Kisomali wamekwisha kuitumia asili kama ushahidi, na ushahidi wa uongo haujibiwi kwa kunyamaza. Hujibiwa kwa etimolojia iliyo bora zaidi.

Huenda pia ikatolewa hoja ya kisarufi, kwamba Kiswahili chenyewe kimekwisha kutoa hukumu, kwa sababu husema mashifta, pamoja na majambazi na mahabithi, ilhali askari ameachwa bila kiambishi cha kumdunisha. Hoja hii inavutia lakini haina nguvu. Kiambishi ma- ndicho kinachobeba pia mawaziri, madaktari, maaskofu na mabalozi. Dharau haikuletwa na ngeli. Ililetwa na redio, hotuba na amri, na ni huko inakopaswa kutafutwa.

Pingamizi la tatu ndilo zito, ingawa aghalabu hubaki bila kutamkwa: kwamba Garissa iko nje ya ulimwengu wa Kiswahili, na kwa hivyo matumizi ya huko ni pembezoni mwa pembezoni. Anayeamini hivyo na auangalie mto Tana. Kandokando ya mto huo, kuanzia jirani na Garissa kuelekea chini, wanaishi Waelwana na Wapokomo. Nurse na Hinnebusch (1993) wameziweka lugha zao katika kundi la Sabaki pamoja na Kimijikenda, Kikomoro na Kiswahili chenyewe. Ndugu wa damu wa Kiswahili wanachota maji katika mto ule ule unaopita chini ya daraja la Garissa. Kaskazini zaidi, ng'ambo ya mpaka, kuna Chimwiini. Ukichora mstari kutoka Lamu hadi Barawa, Garissa haitakuwa mbali nao. Aliyeiweka mbali ni mchoraji wa mipaka ya utawala, na wahakiki wakaikubali ramani yake bila kuikagua.

6. Wajibu wa uhakiki

Nini basi kifanywe? Kwanza, neno la aina hii linapotokea katika utungo, lisomwe kwa maswali matatu: nani analitamka, kwa nani, na katika mwaka gani. Askari wa Kijerumani katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) na askari wa kizuizi cha barabarani wana jina moja, lakini msomaji wa Songea na msomaji wa Mandera hawaingii katika jina hilo kwa mlango mmoja. Tanbihi isemayo "neno la Kiarabu" haimsaidii hata mmoja wao. Katika fasihi ya jirani, Nuruddin Farah ameliweka suala la mipaka katika kiini cha riwaya yake Maps (1986), ilhali uhakiki wa Kiswahili bado unaishughulikia Kaskazini Mashariki kama mandhari ya hadithi za wengine.

Pili, Kiswahili cha Garissa kikusanywe na kuandikwa, kwa sababu humo njia za maneno bado zinaonekana kwa macho. Mlo wa baasto unathibitisha hilo kila siku. Kisomali hakina sauti p, hivyo pasta ya Kiitaliano ikawa baasto, na kwa umbo hilo ikavuka mpaka na kuingia katika hoteli za mji huo, ambako Mswahili wa pwani angesema tambi. Hakuna kamusi inayohitajika kumwambia mlaji kwamba neno hilo limepita Mogadishu. Sauti b inamwambia. Tangu 2017 Garissa ina chuo kikuu kamili, na vijana wanaoweza kuifanya kazi hii wako hapo hapo, wakizijua lugha ambazo walimu wengi wa Kiswahili hawazijui.

Tatu, walimu na wahariri waache kuipitisha sentensi isemayo kwamba shifta ni neno la Kisomali. Sentensi hiyo ina kosa la isimu, na kosa hilo limetumika kuwafanya watu wa eneo zima waonekane kuwa walizaliwa na jina walilobandikwa. Kurekebisha hakuhitaji fedha wala tume, bali kalamu nyekundu pembeni ya tasnifu ya mwanafunzi, pamoja na mwalimu aliye tayari kuieleza sababu.

Kuhusu askari, ameshapita Kiajemi au Kilatini, Kiarabu, Kituruki, Kiswahili, Kisomali na Kiitaliano, na kila dola iliyompokea ilimvisha sare yake. Mhakiki anayemwona amesimama katika ukurasa wa riwaya anatakiwa kuuliza sare hiyo ni ya nani. Kamusi haitamjibu, na haikuandikwa kwa ajili hiyo.